Leza Ilifika Kabla ya Ushahidi

Hiyo video mmeiona. Ile ya sekunde 40, sauti ya roboti, picha za kale za rangi ya kahawia, inasema eti zamani kule Uingereza madaktari walikuwa wanawatibu wanawake "wenye histeria" kwa kuwasisimua kwa mikono, mikono ikachoka, ndipo daktari mmoja akabuni mashine ya umeme ya mtetemo imsaidie kazi. Kila baada ya miezi michache inarudi, watu wanacheka, wanatumiana, wanasema wazungu walikuwa na mambo.

Stori tamu. Shida ni kwamba hakuna mtu ameweza kuonyesha ilitokea. Ilisambaa kutoka kitabu cha Rachel Maines cha 1999, halafu 2011 ikatolewa filamu. Mwaka 2018 watafiti wawili, Hallie Lieberman na Eric Schatzberg, wakafuatilia vyanzo vilivyotajwa kitabuni, kimoja baada ya kingine, na hawakupata hata kimoja kinachosema kile kilichodaiwa. Huyo daktari anayetajwa, Joseph Mortimer Granville, alikuwepo kweli. Mashine ya mtetemo alitengeneza kweli, London, miaka ya 1880. Lakini alikuwa anaitumia zaidi kwa wanaume wenye maumivu ya mishipa, na kwenye kitabu chake cha 1883 aliandika mwenyewe kwamba alijiepusha kuitumia kwa wanawake wa histeria.

Najua nimewaharibia. Lakini hii stori ya uongo inaniudhi kwa sababu imeifunika ya kweli. Miaka hiyohiyo ya 1880, ng'ambo ya bahari kule Paris, kulikuwa na daktari ambaye kweli alikuwa anaweka umeme ndani ya miili ya wanawake, na alikuwa anaandikiwa kwenye majarida makubwa ya udaktari. Hakuna anayemtengenezea video.

Anaitwa Georges Apostoli. Wagonjwa wake walikuwa na faibroidi, ule uvimbe wa kwenye mji wa mimba ambao hata leo ukikaa na shangazi zako watatu, mmoja ana stori yake. Alikuwa anachukua udongo wa mfinyanzi uliolowa, anautandaza juu ya tumbo la mwanamke, huo ndio upande mmoja wa umeme. Upande wa pili ulikuwa ncha ya platini inayoingizwa mpaka ndani ya mji wa mimba. Halafu anafungulia mkondo polepole, huku akitazama kipimo, wakati mwingine mpaka miliampia 250. Kwa mtu hajui hiyo ni kiasi gani: ni nyingi. Udongo ulikuwepo ili ngozi ya tumbo isiungue.

Kabla hujasema huyo alikuwa mkatili, angalia mwanamke wa wakati huo alikuwa na chaguo gani. Anatoka damu miezi nenda miezi rudi. Upasuaji wa kutoa kizazi ulikuwepo, lakini uliua wengi waliofanyiwa. Mtu akikuambia kuna njia isiyo na kisu, utakataa? Thomas Keith wa Edinburgh, mmoja wa wapasuaji walioheshimiwa zaidi Uingereza nzima, mtu ambaye wagonjwa wake walikuwa wanapona kuliko wa wengine, alienda upande wa umeme na kuandika kitabu cha kuutetea mwaka 1889. Lawson Tait wa Birmingham, naye mpasuaji mkubwa, akaupinga kwa nguvu. Hao wazee walirushiana maneno mikutanoni, manze, kuliko nyuzi za X saa tano usiku.

Kitu cha kuangalia kwenye ule ugomvi ni kile hakuna aliyekuwa nacho. Kila upande ulileta hesabu ya wagonjwa wake: niliwatibu hawa, hawa walipata nafuu. Hakuna aliyechukua wanawake wanaofanana, akawagawa makundi mawili, wa kwanza wawekewe umeme, wa pili wawekewe udongo na ncha bila umeme, halafu asubiri aone. Hiyo namna ya kupima ilikuwa bado haijawa desturi ya udaktari. Mwishowe upasuaji ukawa salama zaidi na umeme wa Apostoli ukasahaulika. Haukushindwa kwenye jaribio lolote. Uliachwa tu, kama vile watu huacha mtindo wa viatu.

Sasa turuke mpaka leza.

Ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman huko California mwaka 1960. Mwaka 1964 Kumar Patel, Mhindi aliyekuwa anafanya kazi maabara za Bell huko Marekani, akatengeneza leza ya kaboni dioksidi. Hii ndiyo ya kukumbuka, kwa sababu mwanga wake unanyonywa na maji, na sehemu kubwa ya mwili wako ni maji. Ukiielekeza kwenye nyama laini, maji yaliyo juujuu yanageuka mvuke papo hapo na ile sehemu inaondoka, bila kuchimba mbali. Kufikia 1973, Isaac Kaplan na wenzake huko Israeli walikuwa wanaitumia kwenye shingo ya kizazi. Baadaye ikawa njia inayojulikana ya kuchoma chembe ambazo zikiachwa zinaweza kuwa saratani.

Na hapa nisimame kidogo, kwa sababu sitaki mtu asome hii posti halafu amwambie mamake asiende kliniki. Kuchoma kunafanya kazi, pale ambapo kumethibitishwa. Miaka ya 1960 Mjerumani Kurt Semm alitengeneza kifaa cha kupasha moto shingo ya kizazi (kichekesho ni kwamba kwa Kiingereza kilipewa jina lenye neno "baridi", na kinafika nyuzi 100). Wazo hilo leo ni kifaa kidogo cha mkononi cha betri: ncha inagusishwa kwenye shingo ya kizazi kwa sekunde 20 au 30 hivi, chembe mbaya zinakufa, unarudi nyumbani siku hiyohiyo. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake mwaka 2019, na hapa Kenya kinatumika kwenye vituo vya afya. Mama akipimwa saratani ya shingo ya kizazi, akaambiwa kuna chembe za kuchomwa, achomwe. Hiyo ni nishati iliyopimwa kwa miaka, kwa ugonjwa unaoonekana, na matokeo yanayohesabika. Ninayoiongelea mimi ni ingine.

Ili uelewe hiyo ingine ilitoka wapi, lazima tuongee kuhusu kitu ambacho mama zetu hawakisemi. Hedhi ikikoma, estrojeni inashuka. Estrojeni ndiyo inafanya ngozi ya uke iwe na unyevu na unene wake, na njia ya mkojo iko jirani, inategemea homoni hiyohiyo. Ikishuka, kunakuwa na ukavu, kuwashwa, maumivu wakati wa ndoa, UTI inayorudi kila mara, mkojo unaokuharakisha. Si ugonjwa wa aibu na si dalili ya umalaya, kama vile kuna watu hudhani mwanamke akiwa na UTI mara kwa mara. Ni homoni. Na tofauti na yale majasho ya usiku, hii mara nyingi haiishi yenyewe.

Dawa yake ipo toka zamani: estrojeni kidogo ya kupaka au kuweka ukeni. Sasa nini kilitokea? Julai 2002, Marekani, utafiti mkubwa unaoitwa Women's Health Initiative ulisimamisha sehemu yake moja yenye wanawake 16,608. Waliokuwa wanameza vidonge vya homoni mbili pamoja walionekana wana hatari zaidi ya saratani ya matiti, kiharusi na damu kuganda. Habari zikalipuka. Wanawake wakatupa vidonge, madaktari wakaogopa kuandika, na onyo lilelile likabandikwa hata kwenye krimu ya ukeni, ambayo kiasi kinachoingia kwenye damu ni kidogo sana ukilinganisha na kidonge. Ni Novemba 2025 ndipo FDA, mamlaka ya dawa na vifaa vya tiba Marekani, ilitangaza kuanza kuliondoa. Miaka 23.

Kwa hiyo weka picha hii kichwani. Mamilioni ya wanawake wana shida halisi. Dawa inayofanya kazi imewekewa picha ya kaburi. Kuna pia wale waliopona saratani ya matiti, ambao wengi wao wanaambiwa homoni wakae mbali nazo kabisa, na hao hawana pa kwenda. Na upande mwingine kuna viwanda vina mashine ya leza ambayo tayari imeuzwa kwa madaktari wa ngozi.

Ile mashine ya ngozi ilikuwa inafanya hivi: badala ya kuchoma eneo lote, inatoboa vidoti vidogo vidogo na kuacha ngozi nzima katikati. Ngozi inajiponya, inatengeneza kolajeni mpya, makovu na makunyanzi yanapungua. Waitaliano wakauliza, kwani uke si ngozi pia? Mwaka 2014 timu ya Stefano Salvatore huko Milan ikachapisha majaribio ya mwanzo kwa wanawake 50. Baada ya wiki 12 walisema wana nafuu. Jina la biashara la ile huduma, MonaLisa Touch, likaanza kusambaa, na mwaka huohuo leza yake ikapata ruhusa Marekani.

Wanawake 50, wiki 12, hakuna kundi la kulinganisha. Mnasikia huo mlio? Ni Apostoli anagonga mlango.

Watu huniuliza, sasa serikali ya Marekani yenye pesa zote hizo iliruhusu aje? Iliruhusu kwa sababu ya sheria ambayo ilitengenezwa kuwalinda wanawake. Miaka ya 1970 kulikuwa na koili ya kuzuia mimba inaitwa Dalkon Shield, ya kampuni ya A.H. Robins, iliyoumiza wanawake wengi vibaya, wengine wakafa kwa maambukizi. Marekani iliacha kuuzwa 1974. Lakini kabla ya hapo serikali ya Marekani, kupitia shirika lake la misaada, ilikuwa imenunua maelfu kwa maelfu na kuzisambaza kwenye nchi maskini zaidi ya 40. Wakati huo kifaa cha tiba hakikuhitaji idhini kama dawa. Kwa hiyo 1976 Bunge lao likapitisha sheria ya vifaa vya tiba, na ndani yake kukawa na njia moja ya mkato inayoitwa 510(k).

Njia hiyo ni hivi: kama kifaa chako kinafanana vya kutosha na kingine ambacho tayari kiko sokoni, mara nyingi hutahitaji kufanya majaribio kwa wagonjwa. Ni kama upate kibali cha matatu kwa kuonyesha inafanana na matatu iliyo barabarani, na ile nayo ilipata kwa kufanana na ingine, na ukifuata mnyororo unakuta ile ya kwanza kabisa ilishaondolewa kwa sababu haina breki. Sitii chumvi. Ule wavu wa plastiki uliokuwa unawekwa wanawake wanaovuja mkojo au ambao kizazi kimeshuka, babu yake aliitwa ProteGen. Aliruhusiwa 1996, akarudishwa kiwandani 1999 kwa kuumiza watu, na wajukuu wake wakaendelea kuruhusiwa kwa sababu wanafanana naye. Aprili 2019 ndipo FDA iliamuru nyavu za kushikilia kizazi kilichoshuka zinazopitishiwa ukeni ziache kuuzwa.

Leza na zile mashine za mawimbi ya redio zilipita mlango huohuo. Ruhusa zao zilikuwa za mambo kama kuchoma chembe zisizo za kawaida kwenye shingo ya kizazi na uke, au vijinyama vya sehemu za siri. Ruhusa ya ukavu, ya kuvuja mkojo, ya "kukaza", hawakuwa nayo. Lakini tangazo linasema tu "imeidhinishwa na FDA", na wewe unayesoma utauliza imeidhinishwa kwa kazi gani? Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na hizi mashine zilitembezwa mpaka kwenye vipindi vya televisheni. Mwanamke wa Marekani alikuwa analipa maelfu ya dola kwa vikao vitatu, mfukoni mwake, bima haigusi.

Tarehe 30 Julai 2018 FDA ikatoa onyo. Mkuu wake wakati huo, Scott Gottlieb, alisema usalama na faida ya hizi mashine kwa kazi zinazotangaziwa havijathibitishwa, na kampuni 7 zikaandikiwa barua. Ripoti zilizokuwa zimefika kwao zilikuwa za kuungua ukeni, makovu, maumivu wakati wa tendo, na maumivu ambayo hayakuisha. Na tayari 2007 chama cha madaktari wa wanawake cha Marekani kilikuwa kimeonya kuhusu biashara yote ya kuurembesha uke, miaka 11 kabla.

Halafu, hatimaye, mtu akafanya kile ambacho Apostoli na Tait hawakufanya. Sydney, Australia, timu iliyokuwa na Jason Abbott ilichukua wanawake 90 waliokoma hedhi wenye zile dalili. Kwa kura, nusu wakapata leza kamili. Nusu wakapata mashine ileile, chumba kilekile, vikao vitatu vilevile, ila nguvu imeshushwa mpaka haiwezi kufanya kitu. Wanawake wenyewe hawakujua wako upande gani. Wakafuatiliwa mwaka mzima. Matokeo yalitoka kwenye jarida la JAMA Oktoba 2021: hakuna tofauti ya maana. Hata vipande vya ngozi vilivyochukuliwa na kuangaliwa kwa darubini havikuonyesha kwamba leza ilikuwa imebadilisha kitu kuliko mashine ya kuigiza.

Sehemu inayonigusa kwenye huo utafiti ni kwamba pande zote mbili zilipata nafuu kiasi. Hata waliopata leza ya kuigiza. Kwa hiyo yule mama anayesema kwenye video "mimi ilinisaidia" hasemi uongo. Alisaidika. Labda kwa mara ya kwanza kwa miaka kumi mtu alikaa naye, akamwuliza inauma wapi, akamwangalia kwa makini, akamwambia hii kitu ina jina na si wewe peke yako. Mimi naamini hiyo ina uzito wake. Naamini pia haifai kuuzwa kwa bei ya leza.

Kwa upande wa mkojo stori ni fupi zaidi. Mwaka huohuo wa 2021, NICE, taasisi inayoandikia hospitali za Uingereza miongozo ya matibabu, ilisema leza ya ukeni kwa kuvuja mkojo unapokohoa au kucheka itumike ndani ya utafiti tu. Ilisema vivyo hivyo kwa ukavu.

Nawaandikia nyinyi na si mama zenu kwa sababu nyinyi ndio mnaona matangazo. Kurasa za urembo za Nairobi zinaziweka kati ya kope na kucha, na zinaziuzia wasichana wa miaka 21 kwa neno "kukaza". Msichana wa 21 hajakoma hedhi. Hana hiyo shida hata kidogo. Anachouziwa ni hofu ya kusemwa vibaya na mwanaume fulani ambaye pengine hata hajui uke ni misuli, unapanuka na kurudi, na idadi ya watu uliolala nao haiuachi na alama. Wanaume mnaosoma hapa, mnaochekelea hizo meme za "handaki", soko la hizo mashine nyinyi pia mmelijenga.

Mimi si daktari, na chuo niliacha kabla ya kumaliza, kwa hiyo usinitumie picha unaulizia dalili. Lakini kuna dada mmoja aliniuliza kitu kinachojibika: mamake ana miaka 54, anavuja mkojo, kliniki fulani imemwambia atafute pesa ya vikao vitatu vya leza, wafanye nini? Nilimwambia waulize hiyo kliniki mambo mawili. Hii mashine ruhusa yake imeandikwa ni ya kazi gani, na je, kwa hii shida yake imeshapimwa dhidi ya mashine ya kuigiza? Halafu wamwone daktari wa wanawake wa kawaida, waulizie estrojeni ya ukeni, wamwambie kama kuna historia ya saratani kwenye familia, na waulizie mazoezi ya misuli ya nyonga.

Hayo mazoezi yana historia yake. Arnold Kegel, daktari wa wanawake huko Marekani, aliyaandikia mwaka 1948. Yeye pia alikuwa na kifaa chake, kipimo cha presha ambacho mwanamke alikuwa anakibana ili aone kwa macho misuli yake inavyopata nguvu wiki baada ya wiki. Hakikuwa na umeme, hakikuchoma, kilikuwa kinaonyesha tu. Tangu wakati huo yamefanyiwa majaribio mengi ya kulinganisha kwa kuvuja mkojo, na yanafanya kazi, hasa mtu akifundishwa vizuri na mtaalamu wa fiziotherapia na akayafanya kila siku kwa miezi mitatu. Si rahisi kuona tangazo lake kwenye Instagram, kwa sababu hayahitaji mashine. Yule dada alinijibu kwamba mamake ameyaanza akiwa anangoja matatu Githurai, na hakuna mtu kwenye foleni anajua.